Mwache Mjusi Aote Jua

Ukuta wowote wa Garissa unaopata jua la asubuhi una mwenyewe. Kati ya saa mbili na saa tatu hutokea mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa lililoiva, mwili wa buluu iliyokolea na mkia wenye pete nyeupe na za buluu. Hupanda pale palipo juu kuliko pote, hunyoosha miguu ya mbele, kisha huinua na kushusha kichwa mara kadhaa, anatulia, anaanza tena. Huyo ni dume. Ukisimama kimya utaona chini yake wengine wadogo, wa rangi ya vumbi, ambao mwanzoni ulidhani ni sehemu ya ukuta: majike na vijana wanaokaa katika himaya yake.

Wengi wetu tumelelewa kumrushia jiwe. Watoto humtafuta kwa manati wakitoka shule, na watu wazima huwaacha kwa kuwa wanaamini ana sumu, au analeta nyoka, au dini imeagiza auawe. Naandika kuwaomba wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera wamwache aishi, na kuwaeleza wafanye nini pale anapowasumbua kwelikweli, maana yapo mambo machache anayoweza kukusumbua nayo.

Wataalamu humwita Agama lionotus. Huku kwetu hayuko peke yake. Ukitoka mjini ukaingia kwenye migunga na michongoma ya tambarare unaweza kumkuta ndugu yake, Agama rueppelli, mdogo kwa umbo, ambaye mara nyingi ana mstari wa rangi hafifu unaopita katikati ya mgongo, na ambaye huishi zaidi ardhini na vichakani kuliko kwenye mawe. Jamii yao inaitwa Agamidae, nayo ina aina zaidi ya 500 zilizotapakaa Afrika, Asia na Australia. Waaustralia huwaita wa kwao majoka. Dhabu wa jangwani, ambaye jamaa zetu walioko Oman wanamjua vizuri, ni wa jamii hiyohiyo. Wasomali husema mulac, na jina hilo linachukua mijusi kwa jumla.

Ukilielewa jambo moja juu yake, ushauri wangu mwingine wote utaufuata bila taabu. Mwili wa mjusi huyu hautengenezi joto lake wenyewe kama wako. Kila kiasi cha joto anachohitaji ili akimbie, awinde na asage chakula tumboni hukichukua kwenye jua, kwenye ukuta, kwenye mchanga. Akipata takriban nyuzi 36 hadi 38, si mbali na joto la mwili wako mwenyewe, anafanya kazi. Likipungua analegea, likizidi sana anakufa. Siku yake yote ni kuhama baina ya jua na kivuli akitafuta kipimo hicho.

Ndiyo maana asubuhi unamwona amejibandika kwenye jiwe, ubavu mzima umeelekezwa juani, rangi zimefifia. Akishapata moto rangi zinakolea, na hapo ndipo dume anapoanza kutikisa kichwa kuwajulisha madume wengine kwamba mahali pana mwenyewe. Kufika saa sita, mabati yanapounguza na mchanga haukanyagiki kwa mguu mtupu, hutamwona tena. Yuko ndani ya ufa, nyuma ya ubao, au juu ya shina la mwarobaini upande wa kivuli, mwili ameuinua usiguse gome lenye moto. Saa kumi anarudi. Jua likizama anaingia ufani, rangi zake zinapotea, naye anabaki hivyo mpaka kesho.

Sasa tuanze na hofu ya sumu. Hana. Meno yake ni madogo, yameota kwenye ukingo wa taya, ni ya kuvunjavunja sisimizi, mchwa, mende na panzi. Ukimshika anaweza kukung'ata, utahisi kubanwa, na huenda ngozi ikachubuka. Osha kwa maji na sabuni, basi. Sabuni hiyo itumie hata kama hakukung'ata, kwa sababu mijusi wa kila aina wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela ambavyo huleta kuhara na homa, hasa kwa mtoto mchanga na mgonjwa. Chakula kilichoangukiwa na kinyesi cha mjusi kimwage kwa sababu hiyo, na vyombo vifunikwe. Hatari ni uchafu, kama ilivyo kwa nzi na kuku.

Wengine humchanganya na kenge. Kenge ni mkubwa mara nyingi zaidi, ana ulimi uliogawanyika unaotoka na kuingia, na huyo ndiye anayeiba mayai na vifaranga, hasa kwenye mashamba ya kando ya Mto Tana. Mjusi wetu wa ukutani hana ukubwa wa kuhangaika na yai la kuku. Ukikuta kiota cha kuku kimevunjwa, mtafute mwizi mwingine.

Suala la dini nimeulizwa na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo silipiti. Mjusi anayetajwa kwenye hadithi za kuuawa anaitwa wazagh, na wanavyuoni huwa wanamfasiri kuwa yule mjusi wa nyumbani wa usiku, mweupe-mweupe, mwenye vidole vinavyonata, ambaye hukaa karibu na taa akila mbu. Huyu wa mchana ni mwingine. Watofautishe hivi: wa usiku hana kope, hawezi kufumba macho, na ngozi yake ni laini, wa mchana hufumba na kufumbua macho kama wewe, ngozi yake inakwaruza, na hupanda ukuta kwa kucha, vidole vyake havinati. Kwa jamaa, huyu wa mchana yuko karibu zaidi na dhabu, ambaye habari zake zinajulikana: aliletwa mezani pa Mtume, yeye hakumla wala hakumharamisha, na sahaba wake Khalid bin Walid akamla palepale. Hukumu utaipata kwa sheikh wako. Langu ni kukusaidia umpelekee swali juu ya mnyama sahihi, kwa sababu nimeona mijusi wengi wa mchana wakiuawa kwa hukumu isiyowahusu.

Hofu ya nyoka inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna ukweli. Nyoka hula mijusi. Swila mwekundu anayetema mate, ambaye ni wa nchi kavu kama hii yetu, anaweza kumla mjusi. Lakini chakula kinachomwingiza nyoka nyumbani usiku mara nyingi ni panya, na panya wanaletwa na nafaka iliyomwagika, takataka na gunia lililokaa sakafuni miezi. Kuua mijusi wote wa uani hakutamzuia nyoka huyo, na kutakuachia mende na mchwa zaidi. Yanayomzuia ni haya: hifadhi chakula kwenye pipa lenye mfuniko; ziba tundu za chini ya mlango na zile zinazopitisha mabomba; ondoa rundo la matofali, kuni na mabati chakavu lililoegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Lala juu ya kitanda, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Ukitoka usiku kwenda msalani, chukua tochi na uvae viatu vilivyofunika mguu. Mtu akiumwa, msimkate, msimfyonze, msimfunge kamba ya kubana damu wala kumwekea jiwe jeusi. Mlazeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, vueni pete na bangili kabla hakijavimba, na mkimbizeni hospitali. Aliyetemewa mate machoni na swila aoshwe macho kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe pia.

Rundo lenyewe si lazima ulitupe. Lisogeze. Liweke pembeni mwa ua, mbali na milango, mahali panapopata jua la asubuhi, na mijusi watahamia huko bila kuitwa. Hapo utapata faida ya kuwa nao bila kuwakuta jikoni.

Wakiingia ndani, na hilo hutokea, usianze kuwafukuza kwa ufagio saa nane mchana. Saa hiyo mjusi ana moto, ana kasi, na atajipenyeza nyuma ya kabati mahali usipoweza kufika. Ngoja alfajiri. Mwili wake ukiwa bado wa baridi hawezi kukimbia. Mfunike kwa beseni, pitisha kadibodi taratibu chini yake, mtoe nje, mwache mahali jua litakapomfikia. Usimvute mkia kamwe. Mjusi wa usiku akikatika mkia huota mwingine. Wa kwetu huyu hauachii kwa urahisi hivyo, na ukikatika hauoti tena vizuri. Dume asiye na mkia mzima huwa na kazi kubwa kulinda mahali pake.

Maji ndiyo eneo ninaloomba familia zilipe uzito. Huku kwetu tunaweka maji kwenye berkadi, matangi, mapipa na jerikeni, na silanga, yaani mabwawa, zikikauka kila kiumbe hunusa maji yalipo. Mjusi anayetafuta unyevu hushuka kwenye ukuta wa ndani wa tangi, anateleza, anazama, na mnakunywa maji hayo bila kujua. Funikeni kwa bati au wavu wa matundu madogo. Berkadi isiyofunikika ichomekwe tawi refu la mti, chini liguse sakafu na juu liegemee ukingo, ili chochote kilichotumbukia kipate njia ya kutoka. Tawi hilo humwokoa mjusi, ndege na paka, na kwako linaokoa kazi ya kumwaga maji yaliyonunuliwa kwa fedha nyingi wakati wa kiangazi cha Jilaal. Mjusi mfu akikutwa ndani, maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kabla ya kunywewa.

Kuhusu dawa za wadudu nina neno zito. Nzige wa jangwani walipovuka mpaka na kuingia Mandera na Wajir mwishoni mwa Desemba 2019, kisha wakasambaa Garissa na kaunti nyingine, ilibidi dawa inyunyizwe kwa ndege na kwa mikono, na sitaki mtu adhani kwamba mijusi wangeweza kulimaliza kundi lile. Kundi la nzige ni kazi ya serikali. Ila tangu hapo imezoeleka mtu mmoja kununua chupa dukani na kunyunyiza ua mzima kila aonapo sisimizi. Dawa hiyo haiishii kwa sisimizi. Mjusi hula mdudu aliyekwisha kunywa sumu, na mlo wake ni sisimizi wengi kwa siku. Kuku wako anadonoa walewale. Kama mchwa wanakula nguzo, tibu nguzo. Kama mende wako chooni, weka dawa chooni. Ua uache. Na chupa iliyoisha isigeuzwe ya maji wala ya mafuta.

Kuna jingine dogo ambalo halimgharimu mtu kitu. Miji yetu inajengwa upesi, na mwenye nyumba mpya hupenda ua uwe saruji tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Jike wa mjusi huyu hutaga baada ya mvua, ya Gu au ya Deyr, mchanga ukiwa na unyevu. Huchimba shimo fupi kwa miguu na pua, sehemu isiyo na majani inayopata jua, hutaga mayai machache, mara nyingi matano hadi saba, hufukia na kusawazisha juu mpaka usijue palichimbwa. Kisha huondoka. Mayai yanaachiwa mchanga na jua kuyaatamia. Mwaka 1966 mtafiti Madeleine Charnier, akiwa Dakar, alichapisha matokeo yake kuhusu mjusi wa Afrika Magharibi aliye ndugu wa huyu wetu: mayai yaliyokaa kwenye joto la chini kidogo yalitoa karibu majike watupu, na yaliyokaa kwenye joto la juu zaidi yalitoa madume. Ulimwengu wa sayansi ulijifunza kwa mayai ya mjusi wa uani, hapa Afrika, kwamba joto la kiota linaweza kuamua jinsia ya mtoto. Baadaye jambo hilohilo likathibitishwa kwa kasa na mamba. Kwa hiyo acha kipande cha mchanga uani, hata cha upana wa mkeka mmoja, na baada ya mvua usimwage hapo majivu ya moto wala maji ya kufulia.

Sasa wale wanaotaka kumfuga. Ombi hili huletwa zaidi na vijana waliorudi likizo kutoka Minneapolis, Toronto au London, ambako wenzao shuleni wana joka mwenye ndevu wa Australia ndani ya sanduku la kioo. Wakimwona wa kwetu mwenye rangi za kupendeza kuliko yule, wanataka kumtia kwenye katoni. Wazazi, kataeni, na muwape sababu. Yule wa Australia, Pogona vitticeps, amezalishwa vizimbani kizazi baada ya kizazi. Australia yenyewe ilishakataza biashara ya kuwatoa porini kuwapeleka nje. Hata hivyo mjusi huyo wa kizimbani anadai taa ya kumpa joto upande mmoja wa sanduku, upande mwingine ubaki wa baridi ili achague, na taa maalumu ya miali inayofanana na ya jua, kwa sababu bila miali hiyo ngozi haitengenezi vitamini D, chokaa haiingii mifupani, na mifupa inalainika mpaka miguu inapinda. Mjusi wa porini aliyezoea kuhama kila dakika baina ya jua na kivuli, ukimfungia kwenye katoni juani, hana pa kukimbilia. Joto linampita kipimo na anakufa upesi. Kwenye katoni kivulini hawezi kusaga chakula, na anadhoofika taratibu.

Tena sheria haichezi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumkamata, kumfuga au kumsafirisha mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na mwenye mamlaka ya kibali ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayedhani mjusi ni mdogo mno kuhesabiwa aikumbuke kesi ya 2025 kwenye mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta: vijana wawili wa Ubelgiji na watu wengine wawili walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kosa la kupatikana na sisimizi wa porini bila kibali. Soko la nje la wanyama wa kupendeza linawafuata hata mijusi wa Afrika Mashariki. Ndugu wa huyu wetu, Agama mwanzae wa upande wa Serengeti, alijipatia wanunuzi ng'ambo kwa sababu rangi zake nyekundu na buluu zinafanana na nguo za Spider-Man. Mgeni akikuahidi fedha kwa kila mjusi utakayemletea, mpeleke habari zake KWS.

Badala ya kumfungia mwanao mjusi, mpe daftari. Hii ni kazi ninayoipendekeza pia kwa walimu wa Garissa, kwa sababu mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi achunguze mazingira yake, na vifaa vya maabara shule nyingi hazina. Wanafunzi wachague ukuta mmoja. Kila baada ya nusu saa, tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, waandike: mjusi yuko juani au kivulini, rangi yake imekolea au imefifia, kichwa anatikisa au la, kuna dume mwingine karibu au hakuna. Palipo na kipimajoto, wapime joto la ukuta pale alipokaa. Kufika wiki ya pili watakuwa wanajua saa ya kutoka kwake na kituo chake cha kwanza, na watakuwa wamejifunza joto, mwanga na tabia za wanyama pasipo kununua kitu. Wasimame mbali hatua tano au sita. Akishusha mwili na kupoteza rangi, wamekaribia mno, warudi nyuma.

Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko darasa. Kitabu ambacho kila mtafiti wa reptilia wa eneo hili hukibeba, cha Spawls na wenzake, kilitoka mara ya kwanza 2002 na kikapanuliwa 2018, na bado Kaskazini Mashariki ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizochunguzwa kidogo kuliko zote, kwa umbali, barabara na usalama. Mchungaji anayetoka Balambala hadi Modogashe na ngamia wake hupita palipokanyagwa na watafiti wachache sana, na sasa mfukoni ana simu yenye kamera.

Basi ukimwona mjusi usiyemfahamu, mpige picha ukiwa na jua nyuma yako. Moja ya mwili mzima kwa juu, ili mgongo uonekane kama una mstari au hauna. Nyingine ya kichwa kwa ubavu, sikio lionekane, na kama ameinua kichwa, ya koo, kwa kuwa rangi na michoro ya koo husaidia sana kuzitambua aina zinazofanana. Usimguse ili akae vizuri. Andika tarehe, saa, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, na alikuwa juu ya nini: mchanga, jiwe, mti, ukuta. Kisha zipandishe kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huzitambua picha bila malipo, au zipeleke Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, idara ya reptilia. Mahali penyewe andika kwa usahihi. Picha nzuri isiyo na mahali haiwafai kitu.